Leseni ya Mtu Mmoja

Inspekta Bertila alimwona Agustino kabla yeye hajaonwa. Mfanyabiashara huyo alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha suruali za jinzi, ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka ya jumla barabara ya Zhanxi, Guangzhou, akivutana bei na mwenye duka kwa kikokotoo. Mwenye duka aliandika namba, Agustino akaifuta na kuandika yake.

"Laoban, hii hapa. Hii ndiyo bei ya rafiki."

Mwenye duka, laoban mwenyewe, yaani bosi, akatikisa kichwa. "Mei you, mei you." Hakuna, hakuna.

Kilichomshika Bertila hakikuwa bei. Kilikuwa kiwiko. Mkono wa kushoto wa Agustino ulikuwa huru, ukigusa kitambaa, ukipunga, ukibonyeza namba. Mkono wa kulia ulifanya kazi kuanzia kiganja tu. Kiwiko chake kilikuwa kimebanwa ubavuni, juu kidogo ya mkanda, na kila mkokoteni wa mizigo ulipopita nyuma yake alikibana zaidi.

Bertila alikuwa ameona kiwiko cha namna hiyo kwa askari kanzu na kwa matajiri wa dhahabu wa kule Geita. Ni kiwiko cha mtu aliyezoea kulinda kitu kiunoni.

"Bwana Agustino," alisema. "Naitwa Bertila. Nimekuja kwa habari ya bastola yako."

Agustino aligeuka taratibu. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye sura ya mzee wa kanisa anayekusanya sadaka. Aliweka kikokotoo chini.

"Wewe ni polisi?"

"Nyumbani, ndiyo. Hapa ni mwanafunzi. Sina pingu, sina hati, na ukiamua kuondoka sina la kukufanya. Nakuomba dakika kumi."

Alisema kweli. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uchunguzi wa jinai, mwanafunzi wa kufadhiliwa aliyeacha dawati lake la upelelezi Dodoma. Asubuhi ile alikuwa akichemsha chai bwenini wakati aliyekuwa mkuu wake, Mrakibu Respicius, alipopiga simu. Kwa Respicius, Dodoma, kulikuwa hakujapambazuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Inspekta, kesho asubuhi tunampandisha kizimbani dereva mmoja kwa mauaji, na mimi sijatulia," alisema. "Jumatatu asubuhi msafirishaji anaitwa Salvatory alipigwa risasi mbili hapa mjini, akifungua mlango wa lori lake. Jumanne tukaokota bastola mtaroni. Namba yake inasoma leseni ya Agustino, mfanyabiashara wa Mwanza. Huyo Agustino yuko kwenu Guangzhou, na Jumatatu asubuhi alikuwa angani. Kwa simu anasema bastola alimwachia dereva wake, Elisante, airudishe Mwanza. Elisante anasema hajaigusa. Na usiku wa Jumapili Elisante alilala Dodoma."

"Alama za vidole?"

"Maji ya mtaro yamezifuta. Lililobaki ni neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Akishasomewa shitaka la mauaji, unajua mwenyewe: hakuna dhamana. Ataozea mahabusu miaka tukitafuta ukweli. Nenda kamtazame huyo mtu usoni."

Sasa alikuwa anamtazama usoni.

"Nilishaeleza yote," Agustino alisema. "Nina leseni, mwaka wa sita huu. Nilivamiwa Kahama, ndiyo maana nikaomba. Tumetoka Mwanza kwa gari langu: Shinyanga, Singida, Dodoma, Morogoro, mpaka Dar. Vizuizi vyote nilijitambulisha. Nilikuwa nayo kiunoni, chini ya shati, na karatasi mfukoni. Kuna kosa hapo?"

"Hakuna."

"Jumapili saa nane mchana, nje ya hoteli, nikampa Elisante funguo za gari na bastola. Nikamwambia, fika Mwanza, iweke kwenye kasiki. Nikaja zangu huku. Basi."

"Ungeweza kuikabidhi kituo cha polisi wakaitunza mpaka urudi."

"Muda ulinibana."

"Ndege yenu iliruka saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

Kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku mtu anaweza kwenda kituoni, akaandikisha silaha, akarudi na kula chakula. Bertila aliiacha hesabu hiyo ijifanyie kazi yenyewe.

"Hiyo leseni iko wapi?"

Agustino aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kijitabu chenye jalada la plastiki. Alikitoa kwa fahari kidogo, kama mtu anayetoa cheti cha ndoa. Bertila alikifungua. Picha, namba ya silaha, muhuri, tarehe ambayo haijapita. Kila kitu sawasawa.

"Umekuja nayo China."

"Naam. Huwa haitoki mkobani."

"Kwa hiyo Elisante alitakiwa apite mikoa sita na bastola isiyo na karatasi, yeye ambaye jina lake halimo humu. Kizuizi cha kwanza tu angelala ndani."

Agustino alikichukua kijitabu chake. "Nilipitiwa, dada yangu. Binadamu husahau."

"Kumbukumbu za polisi zinaonyesha alisimamishwa Chalinze na Gairo. Askari walipekua gari, wakatafuta mpaka chini ya tairi la akiba. Hawakukuta silaha."

"Aliificha."

"Kwa nini aifiche, kama ulimpa kwa nia njema?"

"Muulize yeye!" Sauti ilipanda, mwenye duka akainua macho kutoka kwenye simu yake. Agustino akajishusha. "Samahani. Nina mzigo wa kufunga leo. Mungu ndiye anayejua alichofanya Elisante."

Aligeukia suruali zake. Kiwiko kilirudi ubavuni.

Bertila alishuka ngazi. Alikuwa na mashaka, lakini mashaka si ushahidi. Mtu mwoga husahau karatasi. Mtu mwoga pia husema uongo ili leseni yake isifutwe. Kati ya hao wawili, Agustino alikuwa nani?

Jibu, kama lilikuwepo, lilikuwa kwa mwanamke ambaye Respicius alisema alisafiri naye tangu Mwanza.

Kalista alikuwa chini, mlangoni pa ajenti wa mizigo, amekalia katoni ya viatu huku akiandika jina lake kwa kalamu nene kwenye marobota. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo za watoto kutoka Mwanza, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Aliposikia jina la Elisante aliifunga kalamu.

"Afande, mimi yule kijana namjua miaka tisa anamwendesha Agustino. Mwaka ule gari lilipozolewa na maji mto Simiyu, Elisante ndiye aliyevunja kioo akamvuta bosi wake kwa kola. Mtu kama huyo aue?" Akapunguza sauti. "Ila sitaki kukuficha. Walikosana njiani."

"Wapi?"

"Tukitoka Singida. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nasinzia. Nikasikia Elisante anasema kwa ukali, 'Sitaigusa, bosi. Hata ukinifukuza kazi leo, sitaigusa.' Sijawahi kumsikia hivyo. Agustino akanuna mpaka Manyoni."

Dereva mwenye kinyongo, usiku mmoja Dodoma, bastola ya bosi: mwendesha mashtaka angeipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Bertila aliiandika hata hivyo. Alikwishajifunza kutochagua ukweli wa kuandika.

"Ulielewa wanagombania nini?"

"Gari. Nilidhani hataki kulirudisha Mwanza peke yake, maana Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko."

Bertila aliinua kalamu kutoka kwenye daftari.

"Rudia maneno yake. Yale yale."

"'Sitaigusa. Hata ukinifukuza kazi.'"

"Gari alilirudisha?"

"Alilirudisha, ndiyo. Si ndilo alilokamatwa nalo?"

"Bila kufukuzwa kazi. Bila kulazimishwa. Basi aliyoapa kutoigusa haikuwa gari; gari angesema 'sitaligusa'."

Mkokoteni ulipita, mwenye nao akipiga kelele watu wapishe, na wote wawili wakakunja miguu.

"Yesu wangu," Kalista alisema. "Ilikuwa bastola."

"Aliombwa airudishe, akakataa. Leseni si yake." Bertila alifunua ukurasa mpya. "Sasa nisaidie jambo lingine. Baada ya Elisante kuondoka saa nane, ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikwenda mgahawani karibu na uwanja wa ndege. Tukala kuku. Jovitus akaja kutuaga."

"Jovitus ni nani?"

"Mdogo wake Agustino, tumbo moja. Alikuwa Dar wiki nzima. Nina video hapa, nilikuwa nawarushia wateja wangu, kuwaambia safari imeiva."

Akatafuta kwenye simu. Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Kalista anacheka mbele ya kamera. Nyuma yake meza, sahani za mifupa, kijana mwembamba mwenye fulana nyekundu, na Agustino ndani ya shati jeupe lililoachwa nje ya suruali. Kwenye sekunde ya ishirini na sita Agustino anainama upande kuokota begi. Shati linavutika. Chini yake, juu ya nyonga ya kulia, panatokea nundu yenye pembe, na kiwiko kinashuka haraka kuifunika.

Bertila aliirudisha mara nne.

"Ulirekodi saa ngapi?"

Kalista alibonyeza. Jumapili, saa kumi na dakika arobaini na nane jioni.

"Hii nundu inaweza kuwa simu."

"Simu zake zote mbili hizo hapo mezani, anazichaji."

"Mkoba wa kiunoni?"

"Mkoba wake wa kiunoni nilivaa mimi. Alinipa nitunze pasi zetu. Tazama, huu hapa kifuani kwangu."

"Una nyingine ya baadaye?"

Ilikuwepo picha, kwenye foleni ya kupima mizigo, saa kumi na mbili na robo. Agustino yule yule, shati lile lile. Sasa alikuwa amechomekea, mkanda wote unaonekana mbele na ubavuni, na hakuna kinachoning'inia hapo. Jovitus hakuwepo tena.

"Aliondoka lini huyu mdogo wake?"

"Walikwenda msalani pamoja. Agustino akarudi peke yake, akasema Jovitus amewahi basi la Dodoma."

Bertila aliomba atumiwe video na picha jinsi zilivyo, bila kupunguzwa. Kisha akatoka nje, akasimama chini ya daraja la barabara ambako kelele zilikuwa pungufu, akampigia Respicius. Zhanxi ilikuwa saa nane na nusu mchana, Dodoma saa tatu na nusu asubuhi.

"Mkuu, ile risiti ya mafuta ya Chalinze mliyomkuta nayo Elisante. Ni ya saa ngapi?"

Karatasi zilifunuliwa. "Saa kumi na dakika tano jioni. Na kamera ya kituo inamwonyesha yeye mwenyewe akishika pampu."

"Saa kumi na dakika arobaini na nane bastola ilikuwa bado Dar, kiunoni kwa mwenyewe. Elisante alikuwa ameshapita Chalinze, mbali zaidi ya kilomita mia. Hawakuonana tena. Mkuu, nitafutie jina moja: Jovitus, mdogo wake Agustino."

"Subiri."

Alisubiri dakika kumi na moja. Alimtazama mwanamke mmoja akifunga viatu kwa utepe, jozi baada ya jozi, bila kuangalia mikono yake. Simu ikalia.

"Inspekta." Sauti ya Respicius ilikuwa imebadilika. "Jovitus ana kesi Mwanza. Kuchoma ghala. Yuko nje kwa dhamana. Shahidi wa kwanza wa Jamhuri alitakiwa kusimama jana. Jina lake Salvatory."

"Yuko wapi sasa?"

"Nimewauliza wenzetu wa Mwanza. Nyumbani hayupo. Namba tuliyonayo haipatikani. Na kwa taarifa yako, mpaka wa Sirari wa kuingia Kenya hauko mbali."

"Kaka yake lazima anayo namba yake inayopatikana."

Alipanda ngazi mbili mbili.

Agustino alikuwa anakagua zipu za suruali, moja moja. Bertila hakuketi. Aliweka simu juu ya rundo la jinzi, akaiacha video icheze bila sauti. Sekunde ya ishirini na sita akaisimamisha.

"Hii ni saa kumi na dakika arobaini na nane. Elisante alikuwa ameshatia mafuta Chalinze saa kumi na dakika tano, kamera imemwona."

Agustino alitazama. Mkono wake ulibaki kwenye zipu.

"Na hii ni saa kumi na mbili na robo. Umechomekea. Mwenye bastola ya kuficha hachomekei shati, Bwana Agustino. Kati ya picha hii na hii ulikwenda msalani na mtu mmoja."

"Dada..."

"Ulimwomba Elisante akakataa, tena mbele ya shahidi. Alikataa kwa sababu alijua leseni ni ya mtu mmoja. Ukampa mdogo wako, ambaye hakukataa. Ulijua ana kesi?"

"Nilijua." Ilitoka kama pumzi. "Sikujua kama ana nia hiyo. Haki ya Mungu, sikujua. Aliniambia, kaka, foleni ya kituoni utaachwa na ndege, lete mimi nitakukabidhia kituoni Dodoma kesho asubuhi. Nikaona ni mdogo wangu. Nikaona ni siku moja."

"Lini ulijua?"

"Jumanne. Alinipigia analia. Akasema, sema ulimpa dereva, dereva hana mtu wa kumtetea."

"Na ukasema."

Agustino alikaa juu ya robota. Mwenye duka alileta kiti, akaona nyuso zao, akakiweka chini na kurudi ndani kimya.

"Mama yetu alipokuwa anakata roho alinishika huu mkono. Akaniambia Jovitus ni wako. Utanielewa?"

"Nakuelewa. Elisante naye ana mama?"

Agustino aliutazama mkono wake.

"Kesho asubuhi anasomewa shitaka. Mimi siwezi kukulazimisha, nilikuambia tangu mwanzo. Unaweza kufunga mzigo wako leo ukakaa Guangzhou mpaka viza iishe. Lakini mtu aliyekuvuta mtoni yuko ndani kwa neno lako, na neno hilo ni wewe tu unayeweza kulirudisha. Naomba mambo mawili. Umweleze Mrakibu Respicius haya uliyoniambia, sasa hivi, kwa sauti yako. Halafu unipatie namba ya Jovitus."

Agustino alijipangusa uso kwa kiganja, kuanzia paji mpaka kidevu, mara moja, kwa nguvu.

"Namba haitawasaidia," alisema. "Akiona namba ngeni anazima. Nitampigia mimi."

Maelezo kwa Respicius yalichukua dakika nane. Agustino aliyatoa bila kujitetea, tarehe na saa, akataja kule msalani, akataja alivyofunga bastola kwa taulo la mgahawa. Bertila alirekodi. Alipomaliza, Respicius alibaki kwenye simu ya Bertila, sasa kwa video, na kwenye laini nyingine alikuwa na askari wa Mwanza walioingia garini.

Agustino alipiga kwa mtandao, akaweka sauti ya wazi. Iliita mara sita.

"Kaka." Nyuma ya sauti kulikuwa na honi na wapiga debe.

"Jovi. Habari ya huko?"

"Nzuri tu. Wamekuuliza tena?"

"Wameuliza." Agustino aliisogeza simu karibu. "Uko wapi, kelele hivyo?"

"Buzuruga, stendi. Naondoka. Basi la Sirari linajaza hapa, nitakaa upande wa pili kwanza mpaka mambo yapoe."

Bertila aliandika kwenye daftari, akalielekeza kwa kamera ili Respicius asome: BUZURUGA, BASI LA SIRARI. Upande wa pili Respicius alikuwa tayari anaongea na Mwanza. Kisha akainua vidole saba mbele ya kamera: dakika saba.

"Usipande," Agustino alisema.

"Kwa nini?"

Macho ya Agustino yalizunguka kibandani, juu ya suruali zilizotundikwa mpaka darini. "Utavukaje mikono mitupu? Kaa hapo nje ya basi. Kuna mtu nimemtuma akuletee kitu cha kukushikilia. Umevaa nini, nimwambie?"

"Fulana nyekundu. Ile ile."

"Basi simama mahali pa kuonekana."

"Sawa kaka." Basi lilipiga honi. "Kaka, sijalala tangu siku ile. Nikifumba macho namwona anafungua mlango wa lori."

Agustino aliinamisha kichwa. "Umekula?"

"Hapana."

"Nunua chai. Kunywa chai, tunaongea."

Wakaongea. Agustino alimuuliza habari za shangazi yao, za mvua, za paa la nyumba ya mama lililokuwa linavuja. Jovitus alijibu kila kitu, na sauti yake ikaanza kulegea kama ya mtoto aliyepakatwa. Bertila alitazama saa, akatazama mikono ya Agustino. Yote miwili ilikuwa imeshika simu.

Dakika ya sita mpiga debe aliita abiria wa mwisho. "Kaka, basi linaondoka."

"Liache liondoke. Msubiri huyo mtu niliyemtuma."

Kisha ikasikika milango ya gari, miwili, mitatu. Mtu akataja jina la Jovitus, jina kamili, kwa sauti ya kazi. Kikombe kikaanguka. Simu ilikwaruza nguo, ikakwaruza kitu kigumu, halafu pumzi ya Jovitus ikawa karibu kabisa.

"Kaka? Ni wewe uliyewaita?"

Bertila alinyoosha mkono aikate simu, kumwepushia. Agustino aliusukuma mkono wake pembeni kwa upole.

"Ni mimi, Jovi," alisema. "Usibishane nao. Waambie ulikoitoa bastola."

Aliishika simu vile vile, akasikiliza mpaka upande wa pili ulipokatwa.